Pointi Arobaini na Tano

Caddo Wells, Texas
Jumamosi, 9 Septemba 1989

Kocha Carrasco,

Karibu katika kazi hii isiyo na shukrani. Nasikia Llano Seco wamekupa ile nyumba ya kocha iliyo nyuma ya uwanja, yenye bafu linalovuja. Aliyekutangulia alikaa humo miaka mitatu akaondoka na kikohozi. Chumba cha kaskazini usilale.

Desturi yetu huku labda wameshakueleza. Shule zinazokaribia kukutana hubadilishana mikanda ya video, ili kila kocha awaone wapinzani wake bila kuendesha gari nusu ya jimbo. Mikanda tunaiacha kwa Opal, kwenye kituo cha mafuta pale njia panda, katikati ya kwenu na kwetu. Wetu ndio huu, mchezo wa jana. Tunakutana nanyi tarehe 29, kwa hiyo una muda wa kuutazama mpaka macho yakutoke. Ukishafika kwako ni wako, ufanye utakalo. Huku hakuna anayerudisha mkanda.

Kuhusu timu yangu nitakuambia ukweli mtupu. Ni vijana wadogo, wazito wa miguu, na mpira wanaushika kama sabuni. Jana tulikuwa tumewaacha wenzetu pointi arobaini na tano mara tu baada ya mapumziko, mwamuzi akafunga mchezo palepale, maana kwenye mpira huu wetu wa Kimarekani wa watu sita, tofauti ikifika hapo kuanzia mapumziko, kanuni inasema mchezo umekwisha. Lakini ilikuwa bahati tu. Kijana wangu wa kurusha mpira, Cody Teague, ana mkono mzuri na kichwa hana. Safu ya mbele inaamka saa ya kwenda kuoga. Tuhurumie tu, bwana.

Mke wangu Nelda anakusalimu. Anasema ule vizuri.

Truett na Nelda Hollis


Llano Seco
Jumatano, 13 Septemba

Kocha Hollis,

Heshima zako kwanza, na asante kwa mkanda. Sasa naomba niseme kitu kama mdogo wako: umenidanganya mchana kweupe! Vijana wadogo? Namba 71 ni mkubwa kuliko friji la mama yangu. Wazito wa miguu? Yule mwembamba wa pembeni nimerudisha mkanda mara tatu nimwone anapita wapi, na bado sijamwona. Nguvu mnayo, kasi mnayo, na mnapomkaba mtu mnamkaba kiunoni mpaka anakaa chini mwenyewe. Udhaifu niliouona ni kwamba mkishaongoza mnaanza kucheka, na safu ya nyuma inasahau kurudi. Ni hilo tu. Na moja zaidi, ambalo nitalifikia.

Mimi nina wachezaji saba. Sita wanaingia uwanjani na mmoja anakaa benchi, na huyo wa benchi ana pumu. Najua makocha wote wa huku hulia njaa, hata bibi wa posta amenionya. Ila mimi nalia kwa sababu nina njaa kweli. Nguvu yetu, nikitafuta sana, ni namba 22, Beto Armijo, ambaye akiangushwa anainuka. Udhaifu wetu ni mengine yote.

Sasa lile jambo. Mchezo wenu ulipofungwa nilikuwa nimechoka, nikauacha mkanda uendelee huku nikila maharage kwenye kopo. Kioo cha televisheni kikachafuka, kikakwaruza, mara nikaona jiko. Mama mmoja mwenye sweta la njano amekaa mezani anamenya kunde. Na sauti yako, Kocha, nadhani ni yako, ikasema nyuma ya kamera, "Haya, mchambuzi mkuu, msimu ndio umeanza. Tupe nguvu na udhaifu wa timu."

Basi Bi Nelda akaanza kukuchambua! Hata mikono haikusimama. Akasema, "Nguvu ni miguu ya yule mtoto wa kina Teague. Udhaifu ni soksi zake. Akitaka kukimbilia kulia anavuta soksi ya kulia, akitaka kushoto anavuta ya kushoto. Mimi naona kutoka jukwaa la juu na kunde zangu, ninyi wanaume mko pale chini hamuoni." Ukamwambia anaota. Akasema, "Udhaifu wa pili ni kocha. Watoto wanamtazama usoni wajue kama wamefanya vizuri, na uso wenyewe kama mlango wa benki siku ya Jumapili." Nilicheka mpaka nikamwaga maharage. Halafu akainua macho akasema, "Zima hicho kitu, Truett. Njoo ule." Mkanda ukaisha.

Nimerudi kumtazama Teague. Haki ya Mungu, anavuta soksi mpaka leo! Ningeweza kunyamaza nikusubiri tarehe 29, lakini siri yenyewe nimeipata jikoni kwa watu bila kubisha hodi, naona aibu kuitumia. Mwambie Bi Nelda nimemvulia kofia. Na umuulize, kunde zile anatia nini? Hapa tangu nije sijakaa mezani na mtu. Nilivyomsikia akisema njoo ule, nusura niinuke.

Mdogo wako,
Ramiro Carrasco


Caddo Wells
Jumamosi, 16 Septemba

Kocha,

Barua yako niliipata juzi. Niliisoma nimesimama jikoni, nikaenda nikaisoma tena ndani ya gari.

Nelda amekufa. Alikufa mwezi wa tatu, moyo, akiwa anaanika nguo. Nilikudanganya, na safari hii si kuhusu safu ya mbele. Huku kila mtu anajua. Nikiingia dukani wanashusha sauti, nikitoka wanaipandisha. Kanisani wananibana katikati kama mgonjwa. Wewe ulikuwa mtu wa kwanza ambaye hakujua. Nilipokuwa nakuandikia mkono ukaenda wenyewe kwenye salamu zake, kama nilivyofanya miaka yote, nikaona nikiandika hivyo basi kuna nyumba moja duniani ambamo yeye yupo hai. Nyumba yenyewe ndiyo hiyo yako inayovuja. Unisamehe, bwana. Ni jambo la kipumbavu kwa mtu wa umri wangu.

Kuhusu mkanda, sikujua. Shule iliishiwa mikanda mwezi wa nane, nikafungua droo nyumbani nikachukua mmoja usioandikwa kitu, nikampa kijana wetu wa kamera. Nilikuwa nimesahau kabisa kama nilimrekodi siku ile. Kamera ilikuwa ya shule, mpya, nilikuwa naijaribu. Nelda hakupenda kupigwa picha. Sauti yake sina mahali pengine popote, Carrasco. Nimetafuta. Hata mashine ya simu ilijibu kwa sauti yangu, kwa sababu yeye alisema yake ni ya chura.

Tangu juzi nasoma yale maneno ulivyoyaandika. Najua alivyoyasema, najua mpaka pale alipovuta pumzi, lakini sisikii. Naona maandishi yako tu.

Nakuomba, mkanda ule usiuguse. Usirekodi kitu juu yake. Uweke juu ya kabati mbali na jua. Nimepiga simu shuleni kwenu, leo hakuna mtu, na nyumbani kwako hawajaweka simu. Asubuhi nilipanda gari nije, nikafika kwa Opal, nikageuza. Yeye akanipungia mkono, akadhani nimesahau kitu. Nadhani naogopa jibu lako.

Truett Hollis


Llano Seco
Jumapili, 17 Septemba

Kocha Hollis,

Hujanijibu, na mimi nimeanza kujiuliza kama nilivuka mpaka. Mama yangu husema mdomo wangu hufika mahali kabla yangu. Kama nimemkosea Bi Nelda kwa kusimulia mambo ya jikoni kwake, naomba radhi kwenu wote wawili. Sikuwa na nia mbaya. Ni upweke tu, mtu akisikia sauti ya mtu anadhani amealikwa.

Ya Ijumaa umeshasikia, najua, maana hata redio walicheka. Tulipigwa hamsini na mbili kwa sita mpaka mapumziko. Mwamuzi akanijia, akanishika bega, akafunga mchezo. Nusu tu, Kocha! Watu hawakuwahi kumaliza soda zao. Bendi ya shule ilikuwa imejipanga kuingia uwanjani, wakaambiwa wabaki walipo. Wapinzani wakapanda basi na majasho yao. Vijana wangu walikaa kwenye nyasi na helmeti kichwani, hakuna aliyetaka kuivua, maana ukiivua watu wanakuona uso. Beto Armijo akaniuliza, "Kocha, sasa tunafanya nini?" Taa za uwanja zilikuwa zinawaka. Nikawaambia waende nyumbani.

Nilitaka nikuletee mkanda wa mchezo huo kama desturi, uone nilichokuwa nakuambia, uache kusema nalia njaa. Mkanda wangu wa pekee uliliwa na deki, kwa hiyo Bi Tidwell wa maktaba alirekodi juu ya ule wako. Ulisema ukifika kwangu ni wangu. Nitauacha kwa Opal ukitaka.

Niandikie hata mstari mmoja, hata kama ni wa kunigombeza.

Ramiro Carrasco


Caddo Wells
Jumanne, 19 Septemba

Carrasco,

Barua zetu zimepishana njiani. Yangu umeshaipata sasa.

Hukujua. Mimi ndiye niliyesema ufanye utakalo, na mimi ndiye niliyeanza, nilimfuta sehemu mwenyewe kwa mchezo dhidi ya watoto wasiojua hata kufunga kamba za viatu. Usijilaumu. Sema na vijana wako, waambie walicheza nusu nzima na hakuna aliyetoka uwanjani.

Simu inalia hapa, siipokei. Mazoezi nimemwachia msaidizi.

Hollis


Llano Seco
Jumatano, 20 Septemba

Kocha Hollis,

Nimekupigia simu kutoka ofisi ya shule mara nyingi mpaka karani ameficha simu. Hupokei. Basi naandika, na barua hii naipeleka mwenyewe posta ya kwenu kesho kabla ya mazoezi, ikae kwenye sanduku lako hata kama hutaki kuniona.

Barua yako ya Jumamosi ilinifikia juzi. Nilikuwa darasani, nikawaambia watoto wasome kimya. Niliposoma pale ulipoandika usiuguse, nilikunja barua nikaifungua tena. Nilimwona Bi Tidwell akilini, amesimama juu ya pikapu na kamera yake, anabonyeza kitufe chekundu. Nikasema nimemwua mama wa watu mara ya pili.

Sikuweza kuutazama. Ukweli ndio huo, ningekuwa mwanamume ningeenda maktaba saa ileile. Nililala na mkanda juu ya meza. Jana ndipo nilipomwambia Bi Tidwell kila kitu, nikamwomba autazame yeye, mimi nikae nje ya mlango. Akauweka kwenye deki. Nikasikia kipenga, nikasikia watu wanashangilia, si watu wangu. Nikasikia kipigo chote, Kocha, nusu nzima. Kisha mwamuzi akafunga mchezo na Bi Tidwell wa mkandani, wa Ijumaa, akasema, "Mungu wangu, ndiyo basi?" akazima kamera.

Halafu mkanda ukakwaruza, nikachungulia mlangoni. Ikaja timu yako! Kipande cha mwisho cha mchezo wenu, namba 71 anamkalia mtu. Mchezo wetu ulikuwa mfupi kuliko wenu. Ninyi mlifungiwa baada ya mapumziko, sisi hatukufika hata huko. Kisha kukakwaruza tena, na nikasikia kunde zinadondoka kwenye bakuli.

Yupo, Kocha. Yupo wote kama nilivyomwona mara ya kwanza, hakuguswa hata neno. Tungekuwa timu nzuri kidogo, tungejitahidi hata pointi moja moja mpaka robo ya tatu, baada ya mapumziko, tungemfuta. Bi Tidwell akatoka analia, akaniambia, "Mwanangu, ni vizuri hamjui kucheza." Sijawahi kusikia sifa kubwa kama hiyo tangu nianze kazi.

Mimi kunde zilipodondoka nilirudi nje, sikumsikiliza tena; Bi Tidwell ndiye aliyemtazama mpaka mwisho. Safari ya kwanza sikujua naingia nyumbani kwa mtu. Nimevunja kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni mwa mkanda, ili mashine yoyote ikatae kurekodi juu yake. Kwa Opal siuachi. Jumamosi asubuhi nitakuwepo pale njia panda, nitakukabidhi mkononi. Usigeuze gari.

Ramiro


Caddo Wells
Jumapili, 24 Septemba

Ramiro,

Jana pale kwa Opal nilichukua mkanda nikaondoka, na wewe ulikuwa umesimama na kofia mkononi kama uko msibani. Nilifika mbali ndipo nikakumbuka sijakushukuru. Nelda angenipiga na mwiko.

Nimemsikia. Zaidi ya hapo siwezi kuandika, isipokuwa kwamba nilikuwa nimesahau anavyocheka kwanza ndipo aseme neno la kuchoma. Nilikaa sakafuni mbele ya televisheni na buti zangu. Nimelia, mtu mzima mimi, tangu mazishi sikuwa nimelia. Mbwa akaja kunitazama.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukulifikiria. Yeye yuko mwisho wa mkanda. Deki yangu ni mbovu, kitufe cha kupeleka mbele kilivunjika zamani. Kwa hiyo kila nikitaka kumwona mke wangu lazima kwanza nikae nitazame kipigo chenu chote, mwanzo mpaka mwisho. Tangu jana nimekitazama mara sita. Hakuna kocha Texas nzima anayeijua timu yako kama mimi, labda hata wewe mwenyewe huijui.

Basi nakupa uchambuzi, na huu si wa kulia njaa. Udhaifu wenu: kijana wako wa kurusha anamkodolea macho anayetaka kumpa mpira, hata mbwa wangu anajua unaenda wapi. Mwambie atazame upande wa pili kwanza. Anayeanzisha mpira amechoka, mpumzishe, mwingize yule wa pumu kwa dakika chache chache, anataka kucheza, anasimama kila mara mkianguka. Na wakabaji wako wanainamisha kichwa. Hilo lirekebishe kesho asubuhi, hata kama mengine yote hutayagusa, mtoto asije akavunjika shingo. Nguvu yenu: Beto Armijo ameangushwa mara kumi na nne katika nusu moja na mara zote kumi na nne alimnyooshea mkono mwenzake kabla hajainuka mwenyewe. Hilo mimi sijui kulifundisha. Umelifundisha wewe, au amekuja nalo na wewe hukuliharibu, vyote viwili ni kazi nzuri.

Udhaifu wangu umeshausikia jikoni kwangu. Ijumaa asubuhi, kabla hata sijauona mkanda, niliwaita vijana nikajaribu kuwaonyesha uso tofauti. Teague akaniuliza kama naumwa jino. Za soksi nimemwambia pia. Sasa anavuta zote mbili.

Ijumaa tutawapiga, usijidanganye. Sitawaambia vijana wangu wapunguze, na wewe hutaki niwaambie. Ila mkifika robo ya tatu mtakuwa mmesonga mbele, na nitakuwa wa kwanza kupiga makofi kutoka upande wetu, watu waseme wanavyotaka.

Jumapili inayofuata usifungue kopo. Kunde nimepanda nyuma ya nyumba, kwenye tuta alilolianza yeye, nimekuwa nikiziacha zikauke kwenye mti. Leo nimechuma. Anatia kipande cha mfupa wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi, kitunguu kizima kisichokatwa, na siki kidogo mwishoni. Umeuliza, nimekujibu, kwa sababu nilikuwa naangalia alipokuwa anapika ingawa alidhani natazama mpira. Nitaungua vidole na mkate wa mahindi utakuwa mgumu. Miezi sita nakula nimesimama kwenye sinki.

Viti viko viwili mezani. Njoo ule.

Truett